Inua mdomo wa juu: kulinda meno ya mtoto kabla hayajaoza

Ukiniletea mtoto wa mwaka mmoja na nusu, simwambii afungue kinywa. Hatafungua. Namwinua mdomo wa juu kwa kidole gumba, natazama, namwachia kabla hajaamua kulia. Ninachokitafuta kiko kwenye meno manne ya mbele ya juu, pale jino linapoingia kwenye ufizi. Nikikuta mstari mweupe kama chaki, najua jino limeshaanza kuoza.

Hapo mama huniuliza, "Mbona halina tundu?" Tundu huja mwisho. Kwanza ganda la nje la jino hupoteza madini yake na kufifia, halafu linageuka manjano, halafu kahawia, halafu siku moja mtoto anauma muhogo wa kuchemsha na kipande cha jino kinabaki kwenye muhogo. Meno ya utoto yana ganda jembamba, kwa hiyo safari hiyo haichukui muda mrefu. Lakini mstari mweupe bado unatibika. Jino linaweza kukaza tena bila mimi kushika kifaa chochote, na ndiyo sababu naanza na mdomo wa juu.

Fanya hivyo hivyo nyumbani. Kaa barazani au mlangoni penye mwanga wa mchana, maana taa ya chumbani haitoshi. Futa meno kwa kitambaa safi kwanza, kwa kuwa maziwa na mate huficha. Weupe unaofutika ni ukoga tu, yaani mtoto hajaswakishwa vizuri. Weupe usiofutika ndio wenyewe. Tazama tena kila mwezi, pengine siku ile ile unayomkata kucha.

Mimi ni tabibu wa meno. Nimesomea Tanga, na kazi yangu iko kwenye kituo cha afya mkoani humo humo, upande wa pwani. Chumba changu kinapakana na kliniki ya mama na mtoto, kwa hiyo nawasikia watoto wakilia kwa sindano kabla hawajaletwa kulia kwangu. Wengi wanaokuja hawaji kutazamwa. Wanakuja kung'olewa, wakiwa na miaka minne au mitano, shavu limevimba, mama hajalala siku mbili. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa niwaambie wakina mama miaka mitatu kabla ya siku hiyo.

"Si yataanguka tu?"

Swali hili naulizwa kila wiki, tena mara nyingi na baba. Meno ya utoto ni ishirini. La kwanza hutoka karibu na miezi sita, kwa kawaida ya chini mbele, na yote huwa yamekamilika mtoto akikaribia miaka mitatu. Ya mbele huanza kung'oka yenyewe kwenye miaka sita au saba. Lakini magego ya utoto hukaa mpaka miaka kumi, mengine mpaka kumi na mbili. Gego lililooza mtoto akiwa na miaka mitatu lina miaka saba mbele yake ya kuuma, kufanya usaha na kumfanya mtoto atafune upande mmoja. Na likitolewa mapema, meno ya jirani husogea na kuziba nafasi, kisha jino la kudumu likija linakosa pa kupita, linajitokezea pembeni.

Mtoto mdogo mwenye jino bovu hasemi "jino linauma". Anakataa ugali, anataka uji tu. Anaamka usiku. Anakuwa mkorofi. Uzito kwenye kadi unasimama, na watu wanatafuta minyoo.

Usiku ndio unaoozesha

Kama utafuata jambo moja tu katika haya yote, fuata hili. Mchana mtoto ana mate mengi, anameza, anakunywa maji, ulimi unazunguka. Akilala, mate hupungua sana. Kitu chochote chenye sukari kilichobaki kinywani hukaa pale pale mpaka asubuhi, na vijidudu vilivyo kwenye ukoga hukigeuza kuwa tindikali inayolainisha jino.

Ndiyo maana meno ya juu ya mbele hutangulia. Ya chini hufunikwa na ulimi, na mate humwagika karibu nayo kutoka chini ya ulimi. Ya juu hayana mlinzi. Nikiona mtoto ambaye meno ya juu yamekwisha na ya chini yanang'aa, sina haja ya kuuliza mengi. Nauliza tu, "Huyu analala na nini mdomoni?"

Jibu linakuwa chupa ya maziwa yenye sukari. Au uji mwepesi uliochujwa ukatiwa kwenye chupa. Au chai ya maziwa. Au juisi ya paketi iliyozimuliwa kwa maji, mama akidhani akiizimua haina neno. Nimeona pia nyonyo, ile chuchu bandia, iliyochovywa kwenye asali ili mtoto anyamaze. Hiyo ya asali ina kosa lingine juu yake: mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi asali kabisa, si kwa sababu ya meno, bali inaweza kubeba vijidudu vinavyoleta sumu ya kulegeza misuli.

Utaratibu wa usiku ni huu: ale, ashibe, aswakishwe, alale. Kuanzia hapo mpaka asubuhi kinachoingia kinywani ni maji tu. Ukibadilisha mpangilio ukamswakisha kwanza halafu ukampa maziwa yake ya sukari "ya kulalia", umefanya kazi bure.

Mtoto aliyezidi mwaka ambaye hajui kulala bila chupa, usimnyang'anye kwa usiku mmoja, mtaa mzima utawasikia. Toa sukari kwanza. Halafu kila usiku punguza maziwa kidogo, ongeza maji kidogo, mpaka chupa iwe na maji matupu. Wengi huiacha wenyewe hapo, maana nani anagombania chupa ya maji? Lakini njia hii isitumike kwa mtoto chini ya mwaka anayetegemea maziwa ya kopo. Huyo maziwa yake hayaongezwi maji nje ya kipimo. Na kama bado hujanunua chupa, usinunue. Kikombe na kijiko vinatosha, na vinasafishika.

Sasa ziwa. Naomba nisieleweke vibaya, kwa sababu wapo walioachisha watoto kunyonya wakasema tabibu wa meno kasema. Sikusema. Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, halafu aendelee kunyonya pamoja na chakula mpaka miaka miwili au zaidi. Maziwa ya mama si adui wa jino. Shida inaanza pale mtoto wa mwaka na nusu anapokula biskuti jioni, halafu analala na ziwa mdomoni usiku kucha, ananyonya anaacha, ananyonya anaacha, na meno hayajaguswa na mswaki tangu yatoke. Msafishe meno kabla hajalala, akisinzia mtoe ziwa taratibu, na kama amepita mwaka jaribu kupunguza zile za saa nane usiku ambazo si za njaa bali ni za mazoea.

Kuna mwezi mmoja ninaouogopa kuliko yote, nao ni Ramadhani. Si kwa kufunga, watoto wadogo hawafungi. Ni futari. Mtoto anakula tambi za sukari na kalimati baada ya magharibi, anaongezwa visheti, anasinzia mapajani kwa mama wakati wa tarawehe na kipande bado kiko shavuni. Daku anaamshwa na kelele za vyombo, anapewa chai. Mpe vya futari wakati mnapokula wote, kisha umswakishe kabla hujamfunga kanga mgongoni kwenda msikitini. Dakika mbili.

Punje ya mchele

Kabla meno hayajatoka, kufuta ufizi kwa kitambaa safi kilicholowekwa kwenye maji yaliyochemshwa ni jambo zuri kwa sababu linamzoesha mtoto kidole kinywani. Ukikosa nafasi, hujaharibu kitu.

Jino la kwanza likitoka, anza siku hiyo. Mswaki wa mtoto una kichwa kidogo na nyuzi laini, unapatikana duka la dawa. Wakati meno ni mawili au manne, kitambaa kilichozungushiwa kidoleni kinatosha. Magego yakianza kutoka, kuanzia mwaka mmoja hivi, kitambaa hakitoshi tena, maana magego yana mifereji juu ambayo kitambaa kinapita bila kuingia. Hapo lazima mswaki, na uwe wake peke yake. Mswaki mmoja wa watoto watatu, hapana.

Dawa ya meno iwe na floraidi, yaani madini yanayosaidia ganda la jino kukaza. Soma boksi: tafuta neno "fluoride" na namba iliyoandikwa pamoja na ppm. Unataka 1000 au kuzidi. Dawa nyingi za watoto zenye picha za wanyama na ladha ya matunda zina namba ndogo, nyingine hazina floraidi kabisa, na bei yake ni kubwa. Dawa ya kawaida mnayotumia wakubwa, kama ina 1000 hadi 1450, inamfaa mtoto pia. Kinachobadilika ni kiasi. Chini ya miaka mitatu, paka kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka mitatu mpaka sita, kiasi cha punje ya njegere. Lile tangazo linaloonyesha dawa imejaa urefu wa mswaki wote lina kazi ya kuuza dawa.

Punje ya mchele hata akiimeza haina tabu. Tabu ni mtoto kuachiwa tyubu ya dawa akainyonya kwa kuwa ni tamu. Iweke juu, kama unavyoweka vidonge.

Asubuhi mara moja, usiku mara moja. Ya usiku haina msamaha. Ukimaliza usimsukutue kwa maji, futa tu povu kwa kitambaa. Floraidi kidogo inayobaki kwenye meno ndiyo inayofanya kazi usiku kucha.

Namna ya kumshika ndiyo inayowashinda watu, kwa hiyo niieleze kama ninavyowaonyesha. Juzijuzi alikuja bibi mmoja na mjukuu wa kiume, mtoto mnene, mikono ina nguvu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyu hataki mswaki. Anafunga mdomo kabisa."

"Unamswakisha amekaaje?"

"Amesimama mbele yangu, namfuata."

Nikamwomba akae kitako kwenye mkeka, anyooshe miguu, amlaze mtoto chali, kichwa kikiwa katikati ya mapaja yake, miguu ya mtoto ikielekea mbele. Mikono ya mtoto tukaifunika kwa ncha ya kanga. Mtoto akaanza kulia.

"Analia, mwanangu."

"Mwache alie, bibi. Akilia ndiyo amefungua kinywa."

Bibi akacheka. Kwa mkono wa kushoto akainua mdomo wa juu, kwa mkono wa kulia akaweka mswaki nusu juu ya jino na nusu juu ya ufizi, akasugua kwa miduara midogo. Kwanza nyuma ya meno ya juu, huko ambako watu husahau, halafu mbele, halafu magego kila upande, kidole cha shahada kikiwa kimewekwa nyuma ya magego pembeni ya shavu, pale pasipo na jino, ili asing'atwe. Chini mwisho. Alipomaliza mtoto alikuwa ameshanyamaza anatazama panka la darini. Kama mko wawili, kaeni mkitazamana, magoti yagusane, mtoto alale juu ya magoti yenu, mmoja ashike mikono mwingine aswakishe.

Mtoto akitaka kushika mswaki mwenyewe mwache acheze nao kwanza, kisha wewe ufanye kazi. Mtoto hawezi kujisafisha vizuri mpaka afike darasa la pili hivi. Kumwambia mtoto wa miaka mitatu "nenda kaswaki" na kuamini kaswaki ni kujidanganya.

Na kama anayemlaza mtoto ni dada wa kazi au shangazi, basi darasa hili ni lake. Wapo wazazi wanaonisikiliza vizuri kabisa, wanarudi kazini, na yule anayekaa na mtoto kutwa hajaambiwa neno.

Mkaa uliosagwa, majivu na chumvi, hapana. Vinakwangua ganda na havina floraidi. Mswaki wa mti ni mzuri kwa babu anayejua kuutafuna, ila usimpe mtoto anayekimbiakimbia akaanguka nao mdomoni.

Sukari: hesabu mara, si vijiko

Kila mtoto anapoingiza kitu cha sukari kinywani, tindikali hupanda na kukaa kama nusu saa kabla mate hayajaituliza. Baada ya hapo mate huanza kurudisha madini kwenye jino. Mtoto anayekula keki nzima mara moja kwenye sherehe amelishambulia jino mara moja. Mtoto anayeshika biskuti ile ile tangu saa mbili asubuhi mpaka saa sita, anailamba, anaiweka, anairudia, hajalipa jino hata nafasi ya kupumua. Watoto wa wenye maduka ndio wanaopata shida hii zaidi. Mama anauza, mtoto analia, mkono uko karibu na boksi la biskuti.

Kwa hiyo kama atapewa kitu kitamu, apewe pamoja na chakula, akimalize, basi. Katikati ya milo ni maji, au kipande cha tango, yai, ndizi, muhogo, korosho zilizosagwa kwenye uji wake. Karanga nzima mtoto chini ya miaka mitano asipewe, zinapalia.

Uji upikwe bila sukari. Najua, "hataunywa". Mtoto ambaye hajawahi kuonja uji wa sukari hana cha kulinganisha, anaunywa tu. Anayekataa ni yule aliyezoeshwa, na aliyemzoesha ni mkubwa aliyeuonja akaona haujakolea. Ponda ndizi mbivu ndani, au weka tui la nazi, au maziwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu chakula cha mtoto wa miezi 6 hadi 23 unakataza vinywaji vya sukari kabisa kwa umri huo. Soda imo. Juisi ya paketi imo. Juisi ya embe ya nyumbani haikuongezwa sukari, sawa, lakini kwenye kikombe kimoja kuna maembe mawili yaliyopoteza nyuzi zake. Mpe embe lenyewe ale mpaka achafuke kifua.

Ubuyu wa rangi na pipi za kijiti viko kwenye kundi moja: vinanyonywa muda mrefu. Ubuyu una uchachu wake pia juu ya sukari. Lambalamba afadhali kidogo kwa sababu inayeyuka haraka, ila usinukuu kwamba nimeruhusu.

Wageni nao. Kwetu mtu hatembelei nyumba yenye mtoto mikono mitupu, na kilicho karibu ni biskuti na juisi. Huwezi kumkatalia mgeni mlangoni. Pokea, shukuru, weka kabatini. Ndugu wa karibu waambie mapema walete ndizi au mayai, watakuelewa.

Glukosi ya unga watu huiona dawa. Ni sukari. Na dawa zenyewe za maji, za homa, za kikohozi, za kuua vijidudu, nyingi zimetiwa sukari ili zimezeke. Usiache kumpa mtoto dawa aliyoandikiwa. Mpe kabla ya kumswakisha, na kama ni dozi ya usiku wa manane, mfute meno kwa kitambaa chenye maji. Mwenye mtoto wa seli mundu au mwenye ugonjwa wowote wa kunywa dawa ya maji kila siku, hili ni lako hasa, na muulize mfamasia kama kuna ya vidonge vya kuyeyusha.

Mate ya mkubwa

Vijidudu vinavyoozesha meno mtoto hazaliwi navyo. Anavipata kwa mate, mara nyingi ya mama. Kumtafunia chakula, kulamba nyonyo iliyoanguka chini kisha kumrudishia, kuonja uji kwa kijiko kile kile, acha. Kumbusu mbusu tu. Mjamzito mwenye meno mabovu aje azibiwe sasa, asisubiri ajifungue.

Meno ya plastiki

Sijaweza kuandika juu ya meno ya watoto nikaacha hili. Mtoto wa miezi minne au mitano anaharisha, ana homa, na mtu anamfungua kinywa anaona vivimbe vyeupe kwenye ufizi. Anasema ni meno ya plastiki, wengine husema ya nailoni, yasipotolewa mtoto atakufa. Fundi wa kienyeji anachokonoa kwa spoki ya baiskeli iliyonolewa.

Vile vivimbe ni machonge ya utoto yanayojengeka, kila mtoto anayo, yatatoka yenyewe akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Kuharisha kunatokana na maji, chakula na mikono, na kunatibiwa kwa ORS, ile chumvi ya pakiti ya kuchanganya na maji, na zinki. Kuchokonoa kunamwaga damu kwa mtoto ambaye tayari hana maji mwilini, kunaleta pepopunda na maambukizi mengine, na mara nyingi kunaharibu hata chonge la kudumu lililo chini yake. Bibi akisisitiza, usibishane naye sebuleni. Mchukue yeye na mtoto mje kituoni, aambiwe na mwenye koti jeupe. Inasaidia.

Kwa walio Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida

Nyie mna shida ya upande wa pili. Maji ya sehemu nyingi huko yana floraidi iliyozidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya kudumu yanatoka na madoa ya kahawia. Madoa hayo si kuoza, na mswaki hauyatoi. Meno ya kudumu ya mbele hujengeka ndani ya taya tangu uchanga mpaka kama miaka mitatu, kwa hiyo umri huo ndio wa kuchunga maji. Maji ya mvua ni salama zaidi kwa kupikia uji wa mtoto. Kuchemsha hakutoi floraidi, kunaizidisha kwa kuwa maji yanapungua. Kichujio cha mkaa wa mifupa, kama kile kilichofanyiwa kazi miaka mingi pale Ngurdoto, Arusha, kinaitoa. Na magadi yasitiwe kwenye chungu cha mtoto, maana nayo huja na floraidi yake. Kuhusu dawa ya meno, shikilia punje ya mchele wala usizidishe, na muulize tabibu wa huko anayejua kisima chenu.

Limeshaoza, sasa?

Mstari mweupe: mswaki wenye floraidi mara mbili, usiku bila sukari, na njoo upakwe floraidi nzito ya kliniki kama ipo. Baada ya miezi kadhaa mstari unakaza na kung'aa.

Tundu dogo: linazibwa, na si lazima mashine. Kuna njia ya kukwangua uozo kwa kifaa cha mkono, bila sindano wala umeme, na kujaza dawa ya kuzibia inayotoa floraidi. Njia hiyo ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, chini ya Jo Frencken, Mholanzi aliyekuwa Dar es Salaam, na leo inatumika dunia nzima. Mama akiniambia "hapa kwetu hakuna vifaa", huwa namwambia hili kwa kujivuna kidogo. Ipo pia dawa ya kupaka yenye madini ya fedha, inasimamisha uozo, ila inaliacha jino jeusi. Jino jeusi lisiloendelea kuoza kwa mtoto wa miaka miwili ni biashara nzuri.

Limefanya usaha: hapo mara nyingi ni kung'oa. Usiweke tumbaku, mafuta ya taa, mafuta ya karafuu wala asprini kwenye jino la mtoto, vinaunguza ufizi na asprini ina hatari zake kwa watoto. Mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake mpaka ufike. Uvimbe ukipanda kuelekea jicho au kushuka shingoni, au ana homa, au anashindwa kumeza, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku.

Asiye na dalili yoyote, tumia safari ambazo tayari unazo. Miezi tisa unakwenda kwa chanjo ya surua na rubela, mwaka mmoja na nusu unarudi kwa ya pili. Ukimaliza sindano, uliza chumba cha meno kiko wapi, sema, "Naomba mtoto atazamwe meno." Wengine watashangaa kwamba hana linalomuuma. Kaa tu kwenye benchi. Na uje na mswaki wake, nataka nikuone unavyomswakisha.